Jina Langu Juu ya Kaburi la Mu Dequan

Kambi ya Lango la Mashariki,
Sichuan,
21 Oktoba 1948

Kwa Baba yangu mpendwa, Fan Yunhe,

Pokea salamu za mwanao. Natumaini kifua chako kimetulia, na Mama bado ana nguvu za kutoka nje kuota jua. Bibi naye, anakula? Mimi sijambo, ingawa naandika nimelala kifudifudi. Ile chumvi niliyokuaga kwamba naiendea sikuinunua. Nivumilie nikueleze.

Tarehe 6 mkuu wa kitongoji alikuletea habari kwamba Fan Shaoting amepigwa risasi kwa kutoroka jeshini. Nilikuwa darini kwenye banda la nguruwe, nikisikiliza habari ya kifo changu. Ulilia vizuri, Baba, hata mimi nikajihurumia. Kesho yake ukasimamisha kibao cha marehemu chenye jina langu pamoja na vya mababu, ukachoma ubani, na majirani wakaja kuhani. Walipoondoka ulinipandishia bakuli la wali ukiniambia kwamba sasa nimepona kabisa, maana maiti haandikishwi jeshi.

Lakini aliyekufa ni Mu Dequan, yule mchukuzi uliyempa fahali wetu ili aende vitani badala yangu, kwa jina langu. Wengi wamefanya hivyo tangu vita hivi vya ndugu kwa ndugu vianze. Mara ya kwanza alipotoroka walimchapa kwa mti wa mzegazega, ule wa kubebea mizigo begani. Mara ya pili hawakumchapa.

Tarehe 9 mama yake alikuja kwetu, shati la mwanawe kwapani. Ulidhani nimelala, lakini nilisikia yote. Alisema alikwenda kambini kuomba maiti, walinzi wakamuuliza, “Mama, wewe ni wa ukoo wa Fan?” Alipokana wakamwambia basi hana maiti pale. Alizunguka ukuta akiita jina la mwanawe, lakini roho itarudije nyumbani, naye amelazwa chini ya ubao wenye jina la mtu mwingine? Akakusihi uende ukamdai kama mwanao, kisha umpe yeye.

Ulimwomba apunguze sauti. Ulimweleza kwamba nyumba ya mtoro ikitaka maiti, sharti ilete mtu mwingine wa kushika bunduki yake. Ukamwambia, “Shemeji, mimi nina mtoto mmoja tu.”

Akakujibu, “Kwani mimi nilikuwa nao wangapi?”

Nilingoja jibu lako, Baba. Nilingoja siku kadhaa.

Hapo ndipo nilipokudanganya kuhusu chumvi. Nilishuka mpaka mjini, nikaingia kambini, nikamwambia sajini kwamba mimi ndiye Fan Shaoting, na waliyemzika ni Mu Dequan, arudishwe kwa mama yake. Akanitazama toka juu hadi chini, akasema Fan Shaoting kamzika mwenyewe, na tangu lini mizimu ikaja kujiandikisha mchana kweupe? Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akanisukuma juani ahakikishe kama nina kivuli. “Anacho, lakini chembamba,” akasema. “Kuzimu hawalishi.”

Kapteni hakucheka. Aliuliza nani alimtuma Dequan. Nilisema ni mimi, nilimwiba fahali, wala baba yangu hakujua lolote. Wakikuuliza, usinikanushe, adhabu ya kosa hilo nimekwisha kuipokea mgongoni. Kisha akaniambia kwamba hukumu ya Fan Shaoting imeshasomwa na kugongwa muhuri, kwa hiyo nikitoroka hawatapoteza karatasi nyingine.

Jana walimfukua. Nilisimama pale nikiwa nimefungwa kamba pamoja na waandikishwa wapya. Mama yake aling'oa ule ubao kwa mikono yake, akalitundika shati kwenye ufito wa mwanzi ili roho ilitambue, akatangulia mbele ya mkokoteni akiita, “Dequan, twende nyumbani! Uji umeiva, Dequan!” Aliponifikia alisimama. Akatoa kiazi kitamu kifuani, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imefungwa akanilisha, akisema nitafune taratibu.

Kesho tunapelekwa kaskazini. Najua ulichonunua kwa fahali yule, nami nimekirudisha bila idhini yako. Nikasirikie, lakini usimkasirikie yeye. Amerudi leo kuniona, na ndiye anayekuletea barua hii. Mpe kiti, tafadhali, na chai.

Nisalimie Mama. Bibi mwambie nimeajiriwa mbali; ataamini, kwa kuwa anataka kuamini. Na kile kibao, Baba, usikichome. Kigeuze tu kielekee ukutani. Jina limeandikwa vizuri, na seremala anakaa mbali.

Mimi mwanao, niliye hai ninapoandika,
Fan Shaoting