Kambambili ndani ya moteri

Siku ya ine

Kama ningejua ni pikipiki ile, ningekataa kazi. Papa mumoja wa Walungu aliinunua juzi, na moteri inagonga. Nikaifungua. Tandere, kile kinachokaza sheni ya ndani, ilikuwa imelika, na nyuma yake mutu alisukumaka kipande cha kambambili ya bleu ili sheni ikaze.

Papa akakasirika. "Fundi gani alifanya huu ujinga? Angeniua mu mutelemuko ya Kadutu!"

Ni mimi. Mwaka jana nilikosa tandere mu muji muzima.

Nikamujibu: sijui. Nikaweka ya mupya, moteri ikatulia. "Sasa nimepata fundi," akasema.

Wakati wote nilificha muguu wa kushoto nyuma ya sanduku ya vyombo. Ile kambambili ningali naivaa, kisigino kimekatwa.