Haradali Isiyowasha

Mpendwa Dada,

Kabla sijakujulia hali, nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: huyo mchumba wako namdharau. Sasa nakusalimu. U mzima? Kikohozi kimepoa? Sisi hatujambo. Mama anauliza kama blanketi lilifika.

Uliniomba nikueleze mwalimu wetu wa kemia ni mtu wa namna gani, kwa kuwa Jumamosi wazee wake wanakuja nyumbani kusikia jibu lako la posa. Darasani tunamwita Daktari Mtarajiwa, maana hamalizi kipindi bila kutukumbusha kwamba udaktari wake wa sayansi uko njiani. Mimi ananiita Bubu. Wenzangu hucheka, naye husubiri wamalize.

Muhula huu tulikuza tishu za haradali, ile ya majani ya saladi: kipande cha jani ndani ya chupa, mpaka kikawa donge jeupe lisilo na mzizi wala jani. Yeye alikuwa amekwisha kuwatangazia wakaguzi kwamba madonge yetu yana ukali uleule wa mbegu. Hakuwa amejaribu hata moja. Nilipoponda langu na kulinusa, halikunuka chochote. Nikamwambia. Akasema eti Bubu kapata ulimi, bahati mbaya pua hana.

Asubuhi ya ukaguzi akaniita pembeni, akanipa mbegu za haradali na kuniagiza nizichemshe vizuri kuua vijidudu, nizisage, kisha nizifiche ndani ya madonge. Akanikonyeza, akaniita shemeji. Ndiyo mara ya kwanza aliponiita hivyo, Dada, na ilikuwa kwa ajili ya udanganyifu.

Sasa, ukali haukai tayari ndani ya mbegu. Kampaundi iko upande wake na kimeng'enya kinachoiamsha upande wake. Mbegu ikipondwa na kupata maji ndipo vinapokutana, na pua inawaka. Ukichemsha mbegu nzima, kimeng'enya kinakufa. Haya yamo kwenye sura anayoifundisha yeye mwenyewe! Nilijua, nikanyamaza, nikazichemsha mpaka zikalainika.

Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akaponda donge, akanusa, akanusa tena, akauliza kama labda ana mafua. Daktari Mtarajiwa akacheka kile kicheko chake cha kujikomba, akasema kijana huyu ndiye aliyeharibu kazi. Kisha akamgeukia mwalimu mwenzake, akasema kwa sauti ya chini kwamba ukoo ule wote ni wazito wa akili, hata yule dada mtu anamwoa kwa huruma tu. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika trei.

Haya ndiyo niliyotaka uyajue kabla ya Jumamosi.

Nikaweka trei mezani. Mfukoni nilikuwa na mbegu kavu nilizobakiza. Nikaziponda kinuni mbele ya yule mama, nikadondoshea maji, nikamsogezea kinu. Machozi yakamtoka. Nikamweleza kwamba za ndani ya madonge zilichemshwa, na aliyeagiza ni nani. Safari hii Bubu alisikika. Halafu nikaosha kinu, nikakirudisha kabatini, nikaenda kwenye kipindi cha jiografia.

Jibu ni lako. Ukimkubali, nitamwita shemeji kwa adabu zote, ila mambo ya kuchemsha asinitume.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na usiku ufunike kifua.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho.