Jiwe la Brunon

Lipusz, 6 Oktoba 2014

Mwanangu Bogusia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, ila nyonga inauma mvua ikikaribia, na sikio la kulia nalo limefuata la kushoto. Kwa hiyo usihangaike kupiga simu. Nasikia mvumo tu, kama maji kwenye bomba. Niandikie. Wewe hujambo? Kile kikohozi kimeisha? Na hao watoto wa shule unaowapikia bado wanakataa kabichi?

Umeniambia unakwenda Gothenburg siku tatu na rafiki zako wa rozari, Grażyna na Urszula. Nendeni mkastarehe, mmefanya kazi vya kutosha. Lakini nina ombi, na sitaki uniambie "tutaona". Kaka yako Brunon amelala huko mwaka wa nne sasa, na hakuna hata mmoja wetu aliyefika. Najua, ni mimi niliyekataza. Nilisema ameoa bomani huko Sweden, amemchukua huyo Kerstin bila kuniuliza, basi hata kuzikwa na azikwe na hao hao. Nilisema kwa hasira, na hasira yangu unaijua.

Sasa nina miaka themanini na moja. Mwashie mshumaa kaburini kwake, uniletee picha ya jiwe, jina lisomeke. Kila Sikukuu ya Watakatifu Wote majirani wananiuliza, "Otylia, mbona Brunon humwashii pale msalaba mkubwa?" Ule msalaba wa katikati ya makaburi ni wa waliopotea: waliozama, wanajeshi wasiojulikana walikoangukia. Mwanangu hakupotea. Ana kaburi lake. Nataka kuliona.

Mama yako


Gdansk, 22 Oktoba 2014

Mama mpendwa,

Milele amina. Mimi sijambo, kikohozi kimepoa, ila usingizi haunikai vizuri. Pole na nyonga. Ujifunike lile blanketi la sufu, usilitunzie wageni.

Tumerudi salama. Mvua ilitunyeshea siku zote tatu. Urszula alibeba mayai ya kuchemsha kumi na nane, kwa sababu alisikia kule kikombe cha kahawa ni bei ya chakula cha mchana cha kwetu, basi tulikula mayai bandarini, mayai kwenye tramu, mayai mbele ya kanisa. Grażyna akasema, "Tukikaa siku moja zaidi tutaanza kutaga." Kwenye tramu watu hawasemi kabisa. Grażyna akamsalimia kila aliyekaa karibu naye, mpaka bwana mmoja akahama kiti. "Mwone huyo," akasema, "utadhani nimemposa." Siku moja tulijikaza tukanunua mkate wa mdalasini mmoja, mkubwa kama sahani, tukaugawana watatu. Nilicheka mpaka nikatokwa machozi.

Makaburini tulikwenda siku ya pili. Mshumaa niliuwasha. Mahali ni patulivu, pana misonobari. Picha hii hapa. Jina halionekani, chungu cha maua kimeliziba. Nisamehe kwa hilo.

Nimechoka, mama. Nitakuandikia zaidi siku nyingine.

Binti yako Bogusia


Lipusz, 4 Novemba 2014

Bogusia mwanangu,

Mungu akulipe! Mimi sijambo, tena hata nyonga imenyamaza. Mbona huandiki? Au kikohozi kimerudi?

Picha nimeitia kwenye fremu, nimeitundika chini ya Mama wa Mungu. Siku ya Watakatifu Wote nilikuwa naye chumbani, nikamsalia rozari nzima nikimtazama. Jina sijaliona, sawa, lakini nimeona kitu kingine. Nilichukua kioo cha kukuzia cha marehemu baba yako. Jiwe limepanguswa, halina hata alama ya kuvu. Kokoto zimepigwa reki, mistari inaonekana. Yale maua ya zambarau si ya mwaka jana, ni mabichi. Nikajiuliza, nani anafanya haya? Mimi sijafika. Wewe umefika mara moja. Basi ni yule yule Kerstin niliyemkataa, ambaye barua yake ya msiba sikuijibu. Mtu hapigi reki namna hiyo kwa mume asiyempenda.

Nimelia, Bogusia. Halafu nikatafuta bahasha ile ya msiba, anwani ipo. Nimemwandikia ukurasa mzima. Nimemshukuru kwa jiwe, kwa maua, kwa kokoto, nimemwomba radhi. Barua nimeipeleka posta leo asubuhi kwa miguu yangu.

Mama yako mwenye furaha


Gdansk, 8 Novemba 2014

Mama,

Sijui nikusalimuje. Natumaini u mzima, na naomba ukae kitini kabla hujaendelea.

Lile si jiwe la Brunon. Brunon hana jiwe.

Tulizunguka makaburini saa nzima na karatasi ya jina. Mwisho tukamkuta mama mmoja mfanyakazi, mwenye buti za mpira, na Urszula akaongea naye kwa Kijerumani chake cha kule alikowahi kutunza wazee. Yule mama akatupeleka kwenye uwanja wa nyasi. Nyasi tu, mama, na kidimbwi cha maji, na pembeni mahali pamoja pa mishumaa na maua ya watu wote. Akasema, "Yuko hapa." Urszula akamwuliza, hapa wapi? "Hapa. Majivu ya waliochomwa tunayazika sisi wafanyakazi, na mahali hatumwambii mtu. Hata mkewe hajui." Wengi huomba wawekwe hivyo, akasema, na alisema kwa upole, kama anayetupa habari njema.

Grażyna akasema, "Yesu wangu, hata mbwa wangu nilimwekea ubao." Urszula akamwambia anyamaze.

Mshumaa niliuwasha kweli, pale pamoja na ya wengine. Katika hilo sikukudanganya. Lakini nilipofikiri nitakavyokuandikia kwamba mwanao yuko kwenye nyasi na hakuna ajuaye ni zipi, nikaona sitaweza. Tulipokuwa tunatoka tukapita kwenye lile jiwe zuri. Grażyna akasema, "Piga hilo. Mama yako haoni vizuri, na atakufa ametulia." Urszula akasema, "Usithubutu, Bogusia. Huo ni uongo wa kutundikwa ukutani." Nami nilikisogeza chungu kwa mkono huu, nikaliziba jina, Grażyna akapiga picha.

Tangu siku hiyo Urszula hasemi nami. Kwenye rozari amehamia benchi la mbele. Nimekwenda kuungama, na padre kaniambia kitubio changu ni barua hii. Niliiahirisha. Sasa umemwandikia Kerstin na kumshukuru kwa jiwe lisilokuwepo, naye atadhani unamdhihaki. Bora usikie kwangu.

Unipige ukitaka. Usinyamaze tu.

Bogusia


Gdansk, 14 Desemba 2014

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Wiki tano sasa. Gertruda jirani yako nimempigia simu, anasema u mzima, unakwenda misa, unanunua maziwa. Kwa hiyo hujanyamaza kwa ugonjwa.

Ningepanda basi nije, lakini naogopa kukuta mlango umefungwa. Nakutumia mkate uliobarikiwa wa Mkesha wa Krismasi, ule mwembamba tunaomegeana mezani, nimeuchukua parokiani. Tangu nizaliwe sijawahi kuumega na mtu mwingine kabla yako. Mwaka huu nitasubiri.

Binti yako


Lipusz, 19 Desemba 2014

Bogusia,

Milele na milele amina. Nyonga ni ile ile. Nakula.

Sikukunyamazia wewe. Barua yako na ya Kerstin zilifika siku moja, nami nikafungua ya Kerstin kwanza. Ameandika Kipolandi. Ni kibovu, lakini ni cha kwetu hapa Lipusz, alifundishwa na Brunon, na nilipokisoma nilikuwa kama namsikia yeye. Anasema hakudhani ninamdhihaki. Alidhani ni uzee. Anasema jiwe yeye alilitaka, ni Brunon aliyekataa. Kule hospitalini alimwambia hivi: "Jiwe ni la kutazamwa, na watu wa kwetu hawatakuja. Niweke pamoja na watu, nisikae peke yangu."

Watu wa kwetu hawatakuja. Nimekaa na maneno hayo wiki tano. Uongo wako niliusamehe kabla chai haijapoa. Ulinionea huruma, na hukuwa na akili. Lakini hili langu sijui nani atanisamehe, maana mwenye kunisamehe yuko kwenye nyasi zile.

Jana nilichukua mkongojo nikaenda makaburini kwetu, theluji ikiwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Nikawasha mshumaa pale msalaba mkubwa. Gertruda akapita, akaniuliza, "Otylia, leo umempoteza nani?" Nikamwambia, "Mwanangu. Nilimpoteza mwenyewe."

Mkate wako nimeukata, nusu nimempelekea Kerstin kwa posta. Utachelewa kumfikia, lakini utafika. Nusu nyingine ipo chini ya kitambaa, inakusubiri. Mlango haujafungwa. Usigonge, sitasikia, ingia tu. Na huyo Urszula mwambie mimi ndimi nimesema arudi kwenye benchi lake.

Picha sijaitoa ukutani. Wiki tatu nilimwombea aliye chini ya lile jiwe kama mwanangu mwenyewe, sasa nawezaje kumwacha njiani? Siku ya Mkesha njoo na mishumaa miwili, twende wote pale msalabani, mmoja wa Brunon na mmoja wake. Wewe ulikisogeza kile chungu kwa mkono wako, kwa hiyo ulilisoma. Njoo na jina lake.

Mama yako