Nilitaka Kushukuru kwa Lubisi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla sijaanza niwashukuru wale wa kikundi cha kuacha pombe kwenye zahanati ya kijijini kwetu huku Maruku, maana mume wangu Kagaruki alikuwa mlevi wa kuokotwa migombani, leo ana miezi minane hajaonja kitu, anapalilia kahawa, Jumapili tunaenda kanisani wote, nami nikasema wema huu hauwezi kupita hivihivi, na sisi Wahaya hatumshukuru mtu mikono mitupu, basi nikaivisha ndizi nimpelekee muuguzi Dativa, anayekiongoza kikundi hicho, lubisi ya shukrani. Ndiyo, pombe, sikuwaza. Na kwa kuwa kukanyaga ndizi ni kazi ya mwanamume, nikamwomba Kagaruki, naye hakubisha, akaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia wa marehemu baba yake, akakanyaga kidogo, mara akatoka, akaenda zahanati miguu ikichuruzika maji ya ndizi. Sasa yuko kwa dada yake huko Ijuganyondo wiki ya pili, hajanywa, ila amesema mtumbwi ukiwa bado nyumbani harudi. Shemeji yangu Kaijage naye anasema mtumbwi wa mzee hautolewi, nyumba isiyo na mtumbwi ni ya mjane. Mimi namtaka mume wangu, nifanye nini?

Theopista, Maruku

Mama Theopista, pole, na hongera pia. Nimecheka, sikufichi, halafu nikaacha kucheka. Moyo wako safi, lakini akili uliiacha wapi? Miezi minane unaishi na mtu anayejitibu, hujamuuliza hata siku moja huko kikundini wanaambiana nini. Kosa si lako peke yako. Vikundi vingi vinamtibu mlevi, vinamsahau anayeishi naye.

Mumeo hakukukimbia wewe, alikimbilia matibabu. Wengi hawafiki huko.

Sasa sikiliza. Mtumbwi upelekwe kwa Kaijage leo. Kwa kuwa anaupenda, autunze yeye, na akinung'unika mwache anung'unike. Dativa mpelekee mkungu wa ndizi za kupika na kahawa ya kutafuna, na umwombe atenge siku ya wake na ndugu, nanyi mfundishwe. Akisema mabenchi hayatoshi, beba kigoda chako.

Kisha nenda Ijuganyondo mwenyewe, usitume mtu. Habari za mtumbwi zisubiri, anza kwa kumwomba radhi. Halafu mshukuru. Barua yako nimeisoma mara mbili: umeishukuru zahanati nzima, lakini Kagaruki, aliyeiacha hiyo pombe, sijaona mahali ulipomwambia asante.