Sumaku ya Fundi wa Tairi

Dada Roselida,

Hamjambo huko Butula? Nimefika Malaba, njiani kurudi chuo cha udaktari, na leo sijielewi. Mama mmoja muuza samaki alikanyaga sindano ya kushona, ikakatikia ndani ya kisigino. Nilipapasa nisiipate. Fundi wa tairi akaleta sumaku ya redio mbovu, ile anayookotea misumari, akaipitisha polepole.

"Uwi! Hapo hapo!" mama akalia.

Nikakata kidogo kwa wembe mpya, ikatoka.

Fundi akaniuliza, "Daktari, kwani mambo ya sumaku hamfundishwi?"

Tulifundishwa muhula mzima, pamoja na umeme na nyuklia, na mtihani nikapita! Sasa nilipita nini? Nisalimie watoto, nimewakumbuka sana. Na kitabu chenyewe cha fizikia, nilichokuwa nacho safarini, ndicho mama alichokuwa amewekea mguu nilipomkata.

Mdogo wako,
Nafula