Uso Wangu kwenye Bango la Marehemu

Nyumba za Kaloleni,
Nyuma ya ukumbi,
KISUMU.

16 Novemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Sydney,

Pokea salamu kutoka kwa mtu ambaye, bila yeye, hapa Kaloleni hakuna maiti anayezikwa akazikika. Najua huko Doha mnakaa na wakubwa wa dunia, lakini nakwambia, hata Chifu wetu akitaka kujua ni nani amekufa na nani bado yupo, ananiuliza mimi kwanza ndipo anafungua mdomo.

Hujambo lakini? Hilo joto la huko limekuachia ngozi? Unakula samaki, ama wanawapa tu kuku wa friji? Sisi tuko, Mungu anatushika. Goti langu la kushoto lilianza utundu wakati wa mvua, nikalikaripia, likanyamaza. Anti yako Dorca ni mzima, ananung'unika kama kawaida yake, na hiyo kwa Dorca ni dalili ya afya. Mama yako Maryanne nilimwona Kisian juzi, amenenepa vizuri, anasema simu zako siku hizi ni za kuokota. Mpigie.

Utashangaa kuona nimekuandikia kwa kalamu. Dorca amenikataza kukutumia sauti kwa simu yake, ati hadithi zangu zinamaliza bando kabla hata sijafika kwenye jambo lenyewe. Kwa hiyo naandika, na jirani atapiga picha hizi karatasi akutumie. Usiangalie mwandiko, angalia maneno.

Sydney, nimekasirika. Nimekasirika mpaka ugali unanipita kooni kama mchanga. Na nikieleza watu hapa, wanacheka. Ndiyo sababu nakuandikia wewe ambaye hata ukicheka sitakusikia.

Unajua kila Novemba watu wa Kaloleni tunawakumbuka wale waliotutoka mwaka huo. Wakristo na Waislamu chini ya hema moja, mbele ya ukumbi. Sheikh anaomba, pasta anaomba, tunasema mazuri ya marehemu, na wale ambao hawakuwa na mazuri tunayatafuta. Halafu tunakula.

Mwaka huu walitutoka watatu ambao mtaa mzima uliwahisi. Wa kwanza ni mama Rehma wa chapati, yule aliyekuwa akikupa ya bure ukipita na yunifomu ya shule, halafu anakupigia kelele ili watu wasijue ana huruma. Wa pili ni mwalimu Mukhwana wa nasari. Mwalimu huyo aliniambia mimi mwenyewe kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuona mtoto mwerevu kama nilivyokuwa, ingawa tulikuwa rika moja na hakunifundisha. Mungu awalaze pema.

Wa tatu ni Opondo wetu. Najua ulilia kwenye simu, kwa hiyo sitarudia habari ya kifo chake.

Lakini fikiria hili. Huyu ndiye mtu aliyesimamisha hema la kila msiba Kaloleni, akapanga viti, akarudi kuvikusanya wengine wakiwa wamelala. Na siku zote ndani ya koti lake la kijivu. Jua la Kisumu linapasua mawe, Opondo yuko juu ya ngazi na koti, vifungo vyote. Nilimuuliza, omera, ndugu yangu, huoni utaiva humo ndani? Akasema, "Enos, mwenye msiba amepoteza mtu. Siwezi kumfungia hema nikiwa kama mtu anayeenda kuoga." Alizikwa nalo, hilo koti.

Mimi nilikuwa nimetayarisha hotuba juu yake. Nilitaka kusimulia siku ile ya upepo, msiba wa kule Mamboleo, hema liliponyanyuka na Opondo akaning'inia kwenye kamba, miguu juu ya vichwa vya waombolezaji, na mimi nikamshika vifundo vya miguu, tukapaa wote wawili, tukavuka barabara, tukaona ziwa lote mpaka visiwa, na nikaongoza hema kwa uzito wa mwili wangu hadi likatua kwenye shamba la mahindi bila kuvunja bua. Wewe hukuwepo, kwa hiyo lazima uamini. Lakini Bakari, mwenyekiti wa kamati, akasema Mzee Enos utapewa dakika mbili. Dakika mbili! Hata kupaa hatungekuwa tumepaa.

Basi nikameza hiyo. Kamati ikaamua kuwe na bango kubwa lenye sura za marehemu. Watoto wa mama Rehma walisema wao hawataki picha ya mama yao, jina tu na dua. Wakaheshimiwa, likawekwa jina lake na ua. Picha ya mwalimu ilipatikana. Ya Opondo ikawa taabu. Aloo, mke wake, hana hata moja. Maji ya ziwa yalipopanda kule kwao Kisian yaliingia ndani ya nyumba, na albamu ikageuka uji. Ile waliyoweka juu ya jeneza ilitolewa kwa kitambulisho, na Aloo haipendi, anasema mume wake mle ndani anaonekana kama mtu aliyeshikwa na polisi. Na kweli, Opondo bila kucheka si Opondo, ni mtu mwingine mwenye masikio yake.

Aloo akaniambia mbele ya kamati, "Shemeji, wewe ulikuwa naye kila mahali. Nitafutie sura yake." Nikasimama, nikawaambia walale usingizi, mimi nina picha za Opondo za kujaza debe.

Nikapeleka moja kwa Wabwire, yule mwenye duka la mabango pale Mamboleo. Akanipigia baadaye kwenye hii simu yangu ndogo ya kupiga tu, kuulizia hili na lile, nikampa maelezo ambayo hata kipofu angeyaelewa.

Siku yenyewe Aloo alikuja mapema, na kitambaa cheupe kichwani, akachagua kiti cha mbele kabisa. Alikuja kumwona mume wake. Bakari akavuta shuka lililofunika bango.

Sydney, ilikuwa ni mimi.

Uso wangu, mkubwa kama mlango, meno yote nje. Na chini yake herufi nyeusi: OPONDO, LALA PEMA BABA.

Watu wakainua shingo kuangalia vizuri. Halafu mama mmoja wa kwaya akapiga kelele, "Yawa! Na Enos naye alikufa lini?" Dorca, mke wangu wa ndoa, amekaa kando yangu, akasema kwa sauti ya kutosha mtaa, "Ndiyo maana! Tangu asubuhi hajajisifu, nikajua kuna kitu." Hema lote likavunjika kwa kicheko. Pasta alijifunika uso na Biblia, lakini mabega yalimsaliti.

Nikaenda mbele kuchukua kipaza sauti niweke mambo sawa. Bakari akakiinua juu. "Mzee Enos, marehemu huwa hahutubii." Wakacheka tena mpaka viti vikaanguka. Viti ambavyo, angekuwepo mwenyewe, Opondo angevipanga upya bila kuambiwa.

Aloo peke yake hakucheka. Hakulia wala hakugomba. Aliangalia lile bango muda mrefu, kama mtu anayesubiri ligeuke. Halafu akaniambia polepole, "Shemeji, hata leo umemsimamia mbele." Akashika kiti chake, akakigeuza, akakaa akilipa bango mgongo mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo imenikaa kifuani. Hayo mengine ningeyameza.

Na hayo mengine ni mengi. Picha ya bango ilizunguka kwenye masimu mpaka Ugunja. Shangazi yangu akapanda gari na jogoo kwapani, akaanza kuomboleza tangu barabara kuu. Nikamfungulia mlango, akanitazama, akanizaba kofi. Ati nimemsumbua bure. Akala, akapumzika, akaondoka na jogoo wake. Vijana wa bodaboda nao kila nikipita, "Marehemu, twende wapi leo?" Mmoja alikataa kunibeba, akasema anaogopa mimi ni mwepesi sana. Na mama Rehma, hana picha hata ya ukubwa wa kucha, lakini siku ile kila mtu alisimama akamsema, na wengine wakadai wanasikia harufu ya chapati. Mtu wangu mimi, ambaye alikuwa na picha, ndiye aliyepotea. Sasa hiyo ni haki?

Wabwire sijamwachia. Nimemtangaza Mamboleo nzima kwamba hana macho, kwamba mtu akitaka bango la harusi kwake atajikuta ameoa baba mkwe. Watu wawili hivi wameshaondoa kazi zao. Yeye anajibu neno moja tu, "Mzee, mimi nilifanya ulivyoniambia." Jeuri!

Sasa sikiliza. Kamati inatengeneza bango lingine, la kukaa ndani ya ukumbi moja kwa moja, na linachapwa mwisho wa mwezi huu. Bakari anasema kama sura ya Opondo haipatikani, liwekwe jina na ua, kama la mama Rehma. Aloo amekataa. Alisema watoto wa mama Rehma walichagua wenyewe, yeye hajachagua. Amesema wajukuu zake watapita kwenye huo ukumbi wakiwa wakubwa na wataona ua. Babu yao hakuwa ua.

Nimemwaga zile picha zangu zote kitandani, Sydney. Debe zima. Opondo hakujua kusimama kwenye picha! Kila moja yuko nyuma yangu. Hapa sikio, hapa kofia, hapa mkono umeshika kamba na mimi nimejaa mbele kama kabati. Nilimwambia mara nyingi, omera, sogea huku mbele. Nafikiri nilimwambia.

Ile niliyompa Wabwire ndiyo ilikuwa na afadhali, ile uliyotupiga wewe uwanja wa ndege siku unaondoka, nilipokuja kukusindikiza na lile shati langu la Italia. Lakini yangu ni ya kusafishwa studio, na studio walikata ukingo, Opondo akabaki nusu uso. Ulikuwa umeituma pia kwa simu ya Dorca ya zamani, lakini simu hiyo ilizama kwenye sufuria ya omena na haikufufuka. Kwako lazima iko nzima. Wewe si mtu wa kufuta vitu.

Kwa hiyo nakuomba, mtoto wa dada yangu, ukitoka kazini kaa chini, fungua simu yako, tafuta za siku ile. Zitume zote kwa namba ya jirani huyu. Zote, hata zile ambazo mimi sikutoka vizuri, kama zipo.

Dorca anakusalimu, anasema ule. Mama yako anakusalimu, anasema upige simu. Shangazi wa Ugunja anakusalimu, anasema usije ukazushiwa kifo, inachosha. Bakari anakusalimu, ingawa hakustahili kuwekwa kwenye barua hii. Mungu akufunike huko jangwani, akupe kivuli mchana na usingizi usiku, na akurudishe nyumbani ukiwa na miguu yako miwili.

Mimi mjomba wako akupendaye, na ambaye yuko hai,

Enos Oketch

Nimeshatia sahihi, lakini jirani hajarudi na simu yake, na karatasi imebaki na nafasi, kwa hiyo niongeze kidogo. Wewe ulikuwepo siku ile, hakuna haja nikuzungushe. Shati la Italia nililinunua Kibuye, kwenye mitumba, na lilipasuka nilipoinua sanduku lako kutoka kwenye buti ya gari. Kutoka kola mpaka kwenye mshipi. Mgongo wote nje, mbele ya wasafiri na askari. Opondo ndiye aliyeniona. Alivua koti lake la kijivu, akanivisha, akanifunga vifungo, akarudi nyuma yangu na shati lake. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Aloo. Ndipo ukatupiga ile picha. Na Wabwire aliponiuliza kwa simu, kati ya hawa wawili marehemu ni yupi, nikamjibu bila hata kufikiri, mwenye koti.

Kesho nitaenda Mamboleo kwa Wabwire. Sijui nitaanzia wapi.

Lakini nakumbuka ulipiga nyingine kabla ya hiyo, ukanionyesha. Mimi nimeinama kwenye buti, na Opondo amesimama kando ndani ya koti lake, uso wote kwenye kamera, anacheka. Siku zote nilidhani anacheka maneno yako. Tuma hiyo. Na kama mgongo wangu unaonekana, usiukate.