Kamba ya Mutumbwi wa Baba

Mujukuu wangu Asina,

Hapa Kasongo tunaamka. Mama yako alienda Salamabila na pikipiki, akarudi muzima. Habari ya barabara usiniulize.

Umeniandikia kwamba ndani ya ubongo kuna vifuko vidogo vyenye kubeba ujumbe, na protini ndizo zinavifunga ukingoni mwa seli ili vimwage muzigo wao. Protini zikiharibika, mikono inakataa kazi. Ukauliza kama mu jamaa yetu kulikuwa mutu wa vile.

Alikuwa baba yangu, mupiga kasia wa Nyangwe, pale mutoni. Kule abiria hagusi kamba ya mutumbwi. Mwenye mutumbwi anafunga kwanza, ndipo watu wanasimama. Siku moja tulifika ng'ambo, mikono yake ikaanza kutetemeka juu ya kamba. Samaki iko ndani, watu wako ndani, inchi kavu iko karibu ya kugusa. Hakuna aliyesimama. Tulimuheshimu, tukakaa tukimuangalia anavyoshindwa, mupaka maji ikaturudisha katikati.

Watu wakasema amelogwa na muke wake mudogo, wakamufukuza. Hayo mengine naacha. Ila tangu barua yako ifike, namufikiria ule mama. Hakuloga mutu.

Leo asubuhi kitambaa cha kichwa kilinishinda kufunga. Mama yako alikuwa mulangoni, anaona. Akangojea, kwa heshima.

Wewe ukija, usingojee.

Bibi yako